Hisa zipo, kura hazifiki: jinsi mifuko mikubwa inavyoungana kuidai bodi

Mwanzoni mwa 1984 kampuni ya mafuta ya Texaco iliwalipa ndugu wa familia ya Bass, matajiri wa Texas, karibu dola bilioni 1.3. Walikuwa wameshika kama 9.9% ya hisa zake, na bodi iliogopa kwamba wangejaribu kuitwaa kampuni nzima. Ikazinunua hisa zao, wakaondoka. Hakuna mwanahisa mwingine aliyepewa nafasi hiyo. Walioachwa nje ni pamoja na mifuko miwili mikubwa ya pensheni ya California: CalPERS ya watumishi wa umma na CalSTRS ya walimu. Mweka hazina wa jimbo, Jesse Unruh, alikuwa na kiti katika bodi za mifuko yote miwili. Alichoona ni kwamba fedha walizolipwa akina Bass zilikuwa mali ya wenye kampuni wote, walimu wakiwemo, na hakuna aliyewauliza.

Mwaka uliofuata Unruh, pamoja na Harrison Goldin aliyekuwa mdhibiti wa fedha wa Jiji la New York, aliwakusanya wakuu wa mifuko ya umma kama ishirini. Wakaunda Council of Institutional Investors, yaani Baraza la Wawekezaji wa Taasisi, linalojulikana kwa herufi CII. Lipo Washington hadi leo. Vyama vya aina hiyo vimezaliwa kwingine baadaye: ICGN ya kimataifa mwaka 1995, ACGA ya Asia mwaka 1999, Eumedion ya Uholanzi na Amec ya Brazil mwaka 2006, Investor Forum ya Uingereza mwaka 2014.

Kwa nini mifuko yenye mabilioni ihitaji chama? Piga hesabu. Tuseme mfuko una 0.4% ya kampuni fulani, na kuna kosa la uongozi ambalo likirekebishwa thamani ya kampuni itapanda kwa shilingi bilioni 10. Fungu la mfuko ni milioni 40. Kampeni ya kuirekebisha, ukijumlisha mawakili, uchambuzi, barua na safari, igharimu milioni 50. Mdhamini mwenye akili, yaani anayeusimamia mfuko kwa niaba ya wanachama, hatathubutu kuianza peke yake. Wakiungana watano wenye jumla ya 2%, fungu lao linakuwa milioni 200 kwa gharama ile ile. Mengine yote nitakayoeleza hapa yanatoka kwenye hesabu hiyo, na kwenye sheria zinazojaribu kuuzuia muungano huo usigeuke njama ya kuteka kampuni.

Katika CII, kuna jambo moja la muundo ambalo naliona ndilo lililoiokoa. Wanachama wenye kura juu ya sera ni wenye fedha: mifuko ya umma, mifuko ya vyama vya wafanyakazi na mifuko ya wafanyakazi wa makampuni. Mameneja wa uwekezaji wanaweza kujiunga, kuhudhuria na kuchangia hoja, lakini hawapigi kura ya sera. Sababu yake ni ya kibiashara kabisa. Meneja anayesimamia fedha za pensheni za wafanyakazi wa kampuni X ana mkataba wa kuulinda, na kampuni X ndiyo hiyo hiyo ambayo bodi yake inatakiwa kukemewa. Chama kinachowapa mameneja usukani huishia kutoa matamko laini. Anayetaka kuunda chama cha namna hii aanze na swali hilo kabla ya kufikiria nembo na uzinduzi.

Kazi ya kwanza ya chama ni kukubaliana maneno. Hisa moja kura moja. Wajumbe wa bodi wachaguliwe kila mwaka, na kwa zaidi ya nusu ya kura. Mkaguzi aidhinishwe na wanahisa. Maneno haya yanaonekana mepesi, ila yakishaandikwa kila mfuko unaweza kuyanakili katika sera yake, na kampuni inayopokea barua kutoka mifuko kumi inakuta dai lile lile katika barua zote. Mwaka 2018 CII iliyaomba masoko ya hisa ya NYSE na Nasdaq yasiandikishe kampuni zenye hisa za madaraja mawili, ambapo waanzilishi huwa na kura nyingi kuliko mtaji wao, isipokuwa tofauti hiyo iwe na ukomo wa miaka 7. Masoko hayakukubali. Lakini ile saba imebaki kuwa namba ambayo wawekezaji wanaikumbusha kila kampuni mpya inapoorodheshwa, na namba ina nguvu ambayo neno "muda wa kutosha" halina.

Kampeni inayofundisha kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya haki ya wanahisa kuweka majina yao wenyewe kwenye karatasi ya kura ya kampuni. Kwa desturi ya Marekani karatasi hiyo huandaliwa na bodi na ina wagombea wa bodi tu. Ukitaka kuleta wako, unachapisha karatasi yako na kuigharamia. Mwaka 2010 tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani, SEC, ilitunga kanuni ya kuufungua mlango huo kwa kampuni zote. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Washington ikaifuta. Hapo ndipo mifuko ilipobadili njia: kama haki haitoki juu, idaiwe kampuni moja moja.

Chombo kilichotumika ni azimio la mwanahisa, ambalo Marekani linasimamiwa na kanuni namba 14a-8. Masharti yake ni ya kuhesabika. Azimio pamoja na maelezo yake lisizidi maneno 500. Lifike ofisi kuu ya kampuni siku 120 kabla ya tarehe inayolingana na ile ambayo karatasi za mkutano zilitolewa mwaka uliotangulia. Kwa marekebisho ya 2020, mwenye hisa za dola 2,000 awe amezishika miaka 3 mfululizo, mwenye za dola 15,000 miaka 2, na mwenye za dola 25,000 mwaka 1; na hamruhusiwi kuchanganya hisa zenu ili kufikisha kiwango. Uthibitisho wa umiliki lazima utoke kwa benki au dalali aliyesajiliwa kwenye hifadhi kuu ya hisa. Maazimio mengi hufia hapa, kwenye barua ya benki yenye tarehe iliyokosewa kwa siku moja.

Novemba 2014 mdhibiti wa fedha wa New York, Scott Stringer, kwa niaba ya mifuko ya pensheni ya jiji, alipeleka azimio hilo kwa kampuni 75 kwa mpigo. Masharti yalikuwa yale yale kila mahali: wanahisa wenye 3% ya hisa, walizozishika miaka 3, waweze kupendekeza hadi robo ya bodi. Wingi ule haukuwa wa kujionyesha. Meneja wa uwekezaji anayepata azimio moja anaweza kulipuuza. Akipata sabini na tano analazimika kukaa na kuandika sera, na akishaandika sera anaifuata. Kampuni nazo zilijaribu kukwepa. Whole Foods, kampuni ya maduka ya vyakula, ilisema ingeleta pendekezo lake lenyewe, la 9% kwa miaka 5, kigezo ambacho karibu hakuna mwanahisa angekifikia, na kwa sababu hiyo ikaomba azimio la mwanahisa liondolewe. Desemba 2014 maofisa wa SEC walikubali. Wawekezaji wakapiga kelele kwa pamoja, na Januari 2015 SEC ikaiondoa ruhusa hiyo. Zaidi ya nusu ya maazimio ya New York yaliyofikishwa kwenye kura msimu ule yalishinda. Miaka michache baadaye kampuni nyingi kati ya 500 kubwa za Marekani zilikuwa zimeingiza haki hiyo katika kanuni zao.

Sasa angalia maandishi madogo. Kampuni nyingi zilikubali 3% na miaka 3, kisha zikaongeza kwamba kundi lisizidi wanahisa 20. Gawa 3 kwa 20: kila mmoja anatakiwa awe na wastani wa 0.15%. Katika kampuni yenye thamani ya dola bilioni 200 hiyo ni dola milioni 300 kwa kila mfuko, na mifuko ya umma yenye kiasi hicho katika kampuni moja ni michache. Bila meneja mkubwa ndani ya kundi, mlango uliofunguliwa haupitiki. Tena mwaka 2016 GAMCO, meneja wa uwekezaji, ilijaribu kuitumia haki hiyo kwa kampuni ya National Fuel Gas. Kampuni ikamkataa mgombea ikisema GAMCO haikutimiza sharti la kuwa imeshika hisa bila nia ya kuathiri udhibiti wa kampuni. GAMCO ikajiondoa. Kwa hiyo anayesoma kanuni kama hiyo asome kwanza ukomo wa kundi na tamko la nia. Asilimia ni jambo la tatu.

Tamko la nia linatupeleka kwenye mtego mkubwa kuliko wote. Marekani, wanahisa wanaokubaliana jinsi ya kununua, kushika au kupigia kura hisa zao wanahesabiwa kama mtu mmoja. Jumla yao ikizidi 5% wanatakiwa kujitangaza kwa fomu ndefu, 13D, ndani ya siku 5 za kazi. Anayeshika kimya kimya bila nia ya kuathiri udhibiti anaruhusiwa fomu fupi, 13G. Februari 2025 maofisa wa SEC walifafanua kwamba mwekezaji anayeiambia bodi "msipobadilisha jambo hili nitawapigia kura ya hapana" anaweza kupoteza haki ya fomu fupi. BlackRock na Vanguard, mameneja wakubwa wa uwekezaji, walisimamisha kwa muda mikutano yao na kampuni mpaka wapange upya namna ya kuzungumza. Uingereza hatari ni nyingine: wanaotenda kwa pamoja wakifikisha 30% wanaweza kulazimika kutoa ofa ya kuinunua kampuni yote. Mwaka 2009 jopo la utwaaji wa kampuni la huko lilieleza kwamba kushinikiza kwa pamoja si kosa kwa kawaida, ilimradi kundi halijaribu kuikamata bodi.

Ndiyo maana mazungumzo ya pamoja yana adabu yake. Mnaruhusiwa kuelezana tatizo mnavyoliona. Mnaruhusiwa kuonana na mwenyekiti pamoja. Kila mmoja aamue kura yake mwenyewe, aandike sababu zake mwenyewe, na asitoe ahadi ya kura mbele ya wenzake. Mtu asigusie kama atanunua au kuuza. Investor Forum imeligeuza jambo hili kuwa utaratibu: inakusanya maoni ya kila mwekezaji kivyake, inayafikisha kwa kampuni kama dai moja, na habari ya ndani haimfikii mwekezaji yeyote bila ridhaa yake, maana akishaipata hawezi tena kufanya biashara ya hisa hizo.

Ngazi za kushinikiza zinajulikana, ila watu huzipanda kwa pupa. Barua ya kwanza iende kwa mwenyekiti kupitia katibu wa kampuni, iwe na ombi moja au mawili na tarehe ya kujibiwa. Usimwandikie mtendaji mkuu kuhusu mshahara wake mwenyewe. Jibu likikosekana, kura ya hapana impate mjumbe anayehusika: mwenyekiti wa kamati ya malipo kwa malipo, wa kamati ya ukaguzi kwa hesabu. Kuwapigia wote hapana kunawafanya wote waone kwamba hayakuwahusu. Kisha tangaza kura mapema. Mfuko wa mafuta wa Norway, tangu 2021, huchapisha kura zake siku 5 kabla ya mkutano, na mifuko midogo isiyo na wachambuzi huzisoma. Azimio na mgombea mbadala ndivyo vya mwisho. Mwaka 2021 mfuko mdogo wa Engine No. 1, wenye kama 0.02% ya kampuni ya mafuta ya ExxonMobil, ulipata viti 3 kati ya 12. Ulifika huko kwa sababu CalSTRS, CalPERS na mfuko wa Jimbo la New York waliuunga mkono waziwazi, na mameneja wakubwa wakafuata.

Yote hayo hayana maana kura isipofika. Hili ndilo eneo linalopuuzwa kuliko yote. Kati ya mdhamini wa mfuko na sanduku la kura kuna meneja wa uwekezaji, jukwaa la kupigia kura, benki inayotunza dhamana (yaani hisa za mfuko), pengine benki ndogo katika nchi nyingine, kisha msajili wa hisa. Kila mmoja ana saa yake ya mwisho, na kila saa inatangulia ile inayofuata. Uingereza fomu ya uwakilishi, ya kumteua mtu akupigie kura, inaweza kutakiwa saa 48 kabla ya mkutano. Kwa mfuko ulio mbali, siku ya mwisho halisi inaweza kuwa wiki moja kabla.

T. Rowe Price, meneja wa uwekezaji wa Marekani, waliujua ubaya wa mnyororo huu kwa gharama kubwa. Mwaka 2013 walipinga hadharani bei ambayo mwanzilishi Michael Dell alitaka kuinunulia kampuni ya Dell. Waliweka kura ya hapana kwa mkutano wa Julai. Mkutano ukaahirishwa hadi Septemba, na mfumo ukaanza upya na kura yake ya kawaida kwa muungano unaoungwa mkono na bodi: ndiyo. Hakuna aliyekagua. Hisa kama milioni 31 zikapigwa ndiyo, na aliyepiga ndiyo anapoteza haki ya kwenda mahakamani kudai bei ya haki. Mwaka 2016 T. Rowe Price waliwalipa wateja wao dola milioni 194 kutoka mfukoni mwao. Funzo la kiufundi ni dogo na kali: mkutano ukiahirishwa, kila kura ichukuliwe kuwa haijapigwa.

Kukopesha hisa ni tundu lingine. Mfuko unapokopesha hisa, kura inaondoka nazo. Mkopaji ndiye mwenye jina kwenye daftari la wanahisa siku linapofungwa, yaani siku inayoamua nani ana kura. Marekani daftari linaweza kufungwa kati ya siku 10 na 60 kabla ya mkutano, na mara nyingi ajenda hutoka baada ya hapo, kwa hiyo mfuko unagundua kuna jambo zito wakati hisa ziko kwa mwingine. Dawa ni kuamua mwanzoni mwa mwaka kampuni ambazo hisa zake zitarudishwa kila mkutano, ajenda iwe imeonekana au haijaonekana. Je, kura chache zina uzito? Mwaka 2017, mwekezaji Nelson Peltz alipogombea bodi ya Procter & Gamble, hesabu moja ya wakaguzi ilimweka mbele kwa kura 42,780 kati ya zaidi ya bilioni 2.

Mifano hii ya Kimarekani ina kasoro moja kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam: inatoka kwenye kampuni zisizo na mwenye kauli ya mwisho. Kwetu kampuni nyingi zilizoorodheshwa zina mwanahisa mkuu, awe kampuni mama ya ng'ambo, serikali au familia. Hapo ningetazama Italia, ambako hali ni kama hiyo. Sheria ya huko ya 2005 inaamuru bodi ichaguliwe kwa orodha, na angalau kiti kimoja kiende kwa orodha ya wachache, yaani wanahisa wadogo, isiyo na uhusiano na mwanahisa mkuu. Ili kuwasilisha orodha unahitaji kati ya 0.5% na 4.5%, kutegemea ukubwa wa kampuni, na uiwasilishe siku 25 kabla ya mkutano. Mameneja wa uwekezaji wana kamati yao, inayoratibiwa na chama chao cha Assogestioni. Kamati hiyo hutumia kampuni ya kutafuta watu ili kupata wagombea huru. Katika Enel, kampuni ya umeme ambamo serikali ni mwanahisa mkuu, bodi ya watu 9 ina 3 wa wachache. Watatu hawashindi kura, lakini wanaona karatasi, wanauliza maswali na maswali yao yanaingia kwenye kumbukumbu.

Sheria zetu za kampuni hazina kiti hicho cha lazima. Bado mfuko wa hapa una mengi ya kutengeneza kesho asubuhi. Kenya ina mwongozo wa uangalizi kwa wawekezaji wa taasisi tangu 2017, uliotolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na unautaka mfuko uwe na sera ya kura. Lakini sheria ya mafao ya kustaafu inawatenganisha wadhamini, meneja na mtunza dhamana, na kama mkataba hausemi nani anapiga kura, kila mmoja anadhani ni mwenzake. Sentensi mbili katika mkataba zinatosha: meneja anaamua kura kwa kufuata sera ya wadhamini, mtunza dhamana anaitekeleza na kuleta uthibitisho.

Angalia pia jina lililo kwenye daftari. Hisa zikiwa katika akaunti ya mteule wa benki, yaani zimeandikwa kwa jina la benki kwa niaba yako, mwakilishi anayekwenda na barua ya mfuko atarudishwa mlangoni, maana daftari halimjui. Barua ya uteuzi itoke benki.

Na usikubali kura ya mikono. Kenya na Tanzania, katika sheria tulizorithi kutoka Uingereza, kura huanza kwa mikono mpaka mtu adai ihesabiwe kwa hisa. Mfuko wenye hisa milioni 40 una mkono mmoja, sawa na mwenye hisa 200 aliyekaa kiti cha jirani, na zile fomu za uwakilishi zilizotumwa kwa bidii hubaki kwenye bahasha. Soma katiba ya kampuni ujue ni wanahisa wangapi au asilimia ngapi inatosha kudai, kisha mwandikie katibu wiki mbili kabla, mifuko kadhaa kila mmoja kwa barua yake, mkiomba mwenyekiti atangaze kura ya hisa kwa kila azimio. Mikutano ya mtandaoni iliyoanza Kenya mwaka 2020, ambako wanahisa hupiga kura kwa simu ya kawaida kupitia USSD, imelirahisisha hili, kwa sababu hesabu huwa ya hisa tangu mwanzo. Mkutano ukirudi ukumbini, mikono nayo hurudi.

Mkutano ukiisha, omba vitu viwili: kutoka kampuni, jumla ya kura za ndiyo na za hapana kwa kila azimio, kutoka mtunza dhamana, idadi ya hisa zako zilizohesabiwa. Ilinganishe idadi hiyo na hisa ulizokuwa nazo siku daftari lilipofungwa. Pengo likionekana, fuata mnyororo kutoka kwa msajili kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka uipate meza ambapo kura ziliachwa.